Kabati la Vichezeo la Chake Chake

Boti iliyotutoa Malindi, Unguja, ilitushusha Mkoani jua likiwa bado halijaanza kuchoma. Nje ya bandari gari za namba 603 zilikuwa zinangoja abiria wa Chake Chake. Safari ya kilomita kama 30 hivi hupanda na kushuka vilima mwanzo hadi mwisho, mikarafuu ikiwa kulia na kushoto, na msimu ukishika majamvi ya karafuu huanikwa mpaka ukingoni mwa lami. Begi langu lilikuwa na kompyuta mpakato, printa ndogo na karatasi za kunata za kuandikia namba. Mzee aliyekaa ubavuni mwangu aliniuliza nakwenda Chake kwa shughuli gani. Nikamweleza kuwa walimu wa skuli moja ya maandalizi wanataka kuwaazimisha watoto vichezeo wakachezee nyumbani, nami nakwenda kuwasaidia kupanga kumbukumbu zake.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi walimu hao wana moyo, mwanangu. Kitu cha skuli kikipotea, anayeulizwa ni mwalimu."

Kabla sijalifikia kabati la vichezeo hivyo, mzee yule alikuwa ameshanieleza kwa nini limefungwa.

Chake Chake ni mji wa mlimani unaotazama hori lenye mikoko. Sokoni pamesongamana, barabara kuu ni nyembamba, na hatua chache kutoka hapo ipo Ngome Kongwe ambayo leo ni makumbusho ya Pemba. Skuli niliyokuwa naiendea ipo pembeni ya mji, vyumba viwili na ukumbi wa wazi. Mwalimu mkuu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alinikaribisha kwa kahawa, tukasalimiana kwa kirefu kama ilivyo ada, kisha akanipeleka penye kabati. Lilikuwa la bati, refu kuliko mimi, na kufuli lake lilikuwa kubwa.

Ndani mlikuwa na vitu ambavyo mtoto yeyote angevikimbilia. Matofali ya mbao ya rangi. Picha za kupanga zenye vipande 12 na zenye vipande 24. Wanasesere wa vitambaa walioshonwa na akina mama wa mtaani. Gari za makopo, pia za kuzungusha, vifuu vilivyosuguliwa vikang'aa, mbao za bao, na ngalawa ndogo zilizochongwa na vijana wa pwani. Baadhi vilikuwa vya msaada, na vingi vilitengenezwa papa hapa.

"Hivi hutoka siku ya mgeni," alisema mwalimu. "Na tukivitoa, tunavihesabu kwa macho tu, roho mkononi."

Akanionesha kaunta buku la mali za skuli. Madawati yalikuwa yameandikwa idadi yake, na viti na ubao vivyo hivyo. Kwenye ukurasa wa vichezeo palikuwa na mstari mmoja: "Vichezeo mbalimbali, boksi 3." Mstari huo ndio uliolifunga kabati. Kitu kilichoandikwa "mbalimbali" hakina namna ya kuazimwa, kwa sababu hakuna awezaye kuthibitisha kwamba kimetoka, wala kwamba kimerudi. Mwalimu anayewajibika kwa boksi tatu za vitu visivyo na majina atafanya la busara, nalo ni kuzifungia. Kosa si lake.

Kwa elimu ya watoto wadogo, Zanzibar haikuanza jana. Mwaka 1990 mpango wa Madrasa, uliokuwa umeanzia Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa juhudi za Bi Swafiya Said na msaada wa Wakfu wa Aga Khan, uliingia visiwani. Uliwafundisha walimu kutengeneza zana kwa vifuu, mbegu, makopo na mabaki ya vitambaa, na kuzipangia kona za kuchezea darasani. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ikaitaja elimu ya maandalizi kuwa sehemu ya elimu ya msingi. Mwaka huohuo ukaja mpango wa masomo kwa redio, ambao vituo vyake vya mtaani viliitwa Tucheze Tujifunze, na watu wakavizoea kwa jina la TuTu. Jina hilo pekee linatosha kuonesha kwamba wazee na walimu wa visiwa hivi walikwishakubali kuwa mchezo ni somo. Kilichobaki ni kuvivusha vichezeo mlango wa skuli, vimfikie mtoto jioni akiwa nyumbani na ndugu zake wasiosoma bado.

Kwingineko duniani jambo hili lina historia ndefu. Maktaba ya vichezeo ya Los Angeles ilianza mwaka 1935, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa Marekani, baada ya kugundulika kuwa watoto wa maskini walikuwa wanaiba dukani vitu vya kutengenezea vichezeo. Badala ya kuwapeleka kwa polisi, watu wazima wakaamua kuwaazimisha. Mpango huo upo mpaka leo, na mtoto anayerudisha vizuri mara nyingi hupewa kichezeo kiwe chake moja kwa moja. Sweden walianza mwaka 1963, na huko nia ilikuwa kuwasaidia wazazi wa watoto wenye ulemavu kupata vifaa vya mchezo vinavyowafaa watoto wao pamoja na ushauri wa kuvitumia. Mwaka 1967 mama mmoja wa Enfield, karibu na London, alianzisha ya kwanza Uingereza nyumbani kwake, naye pia alikuwa na watoto wenye ulemavu. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, na kifungu chake cha 31 kinautaja mchezo kuwa haki. Tanzania iliuridhia mwaka 1991.

Haki ya mchezo bila kichezeo mkononi haimfikii mtoto. Ndiyo maana niliona fahari kufungua kompyuta juu ya meza ile ya skuli.

Kazi ya kwanza ilikuwa kukubaliana na walimu kwamba kichezeo si kitabu. Programu nyingi za maktaba zilitengenezwa kwa ajili ya vitabu, na kitabu kina tabia moja: ama kimerudi, ama hakikurudi. Kichezeo hurudi nusu. Picha ya kupanga ya vipande 24 ikirudi na 23, imerudi au haikurudi? Mtoto atakayeiazima wiki ijayo atafika mwisho akute tundu katikati ya picha, avunjike moyo. Kwa hiyo kanzidata ya vichezeo lazima ihesabu vipande.

Tukachora karatasini kabla ya kugusa kompyuta. Jedwali la kwanza ni la vichezeo: namba, jina, picha yake, umri unaofaa, na nani aliyekitoa au kukitengeneza. La pili ni la vipande: kila kichezeo kina vipande gani na ni vingapi. La tatu ni la kaya zinazoazima. La nne ni la uazimaji wenyewe: kaya gani, kichezeo kipi, kilitoka lini, kinatakiwa lini, kilirudi lini, na kilirudi na vipande vingapi. Namba ya kichezeo na namba ya kaya ndizo zinazoyaunganisha majedwali hayo, hata jambo likaandikwa mara moja tu na kusomeka kila linapohitajika. Utaratibu huu wa majedwali yanayoshikana kwa namba aliueleza Edgar Codd, mtafiti wa IBM, mwaka 1970, na juu yake zimejengwa benki, hospitali na kampuni za simu. Skuli ya vyumba viwili inaustahili vilevile.

Mwalimu kijana aliuliza kwa nini tusitumie Excel tu, maana anaijua. Swali lilikuwa la haki. Kwa vichezeo 30 na familia 10, karatasi moja ya Excel inatosha. Tatizo huanza pale mtoto mmoja anapoazima mara ya tano, na jina la mama yake limeandikwa kwa namna tano tofauti, na namba ya simu imebadilishwa kwenye mstari mmoja ikabaki ya zamani kwenye mingine minne. Tulichagua Base, programu ya kanzidata iliyomo kwenye LibreOffice, kwa sababu ni ya bure, haihitaji intaneti, na faili lake linanakiliwa kwenye flashi kama faili jingine lolote. Wenye maktaba kubwa zaidi, kwa mfano wilaya inayotaka kuziunganisha skuli zake, wanaweza kuitazama Koha, programu huria iliyozaliwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za wilaya ya Horowhenua na kuanza kazi Januari 2000, ambayo sasa inatumika hata katika vyuo vikuu vya Tanzania. Koha ina mahali pa kuandika vitu vinavyoambatana na kifaa, na maelezo hayo hujitokeza kwenye skrini kifaa kinaporudishwa, kumkumbusha mhudumu ahesabu.

Kuhesabu ndiko kulikowachangamsha walimu kuliko yote. Tulikubaliana kwamba kichezeo kikirudi, vipande vihesabiwe mbele ya mtoto, na mtoto mwenyewe ndiye ahesabu kwa sauti. Mwalimu mkuu akasema, uso umemkunjuka: "Hilo sasa ni somo la hesabu. Halitupotezei wakati."

Palipohitaji fikra zaidi ni kwenye jedwali la kaya. Programu za kigeni huuliza jina la kwanza na jina la ukoo. Pemba mtoto huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Katika darasa moja waweza kuwakuta Khamis Juma wawili, na wote wawili wana dada aitwaye Fatma. Mama yao hatumii jina la mume. Anwani ya nyumba yenye namba na mtaa haipo kwa wengi, ila kila mtu anaijua shehia yake. Kwa hiyo tuliandika majina matatu ya mtoto kwa ukamilifu, jina la mama au mlezi anayekuja kuchukua, shehia, alama ya jirani kama msikiti au duka, na namba ya simu inayopatikana. Kila kaya ikapewa namba yake na kadi yenye namba hiyo. Tarehe ya kuzaliwa hatukuiandika, tukaandika mwaka tu. Taarifa za watoto wa watu ni amana, na usilolihitaji usilichukue.

Jioni moja nilipita Wawi, nje kidogo ya mji, ilipo Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mwanasayansi wa Italia. Ilifunguliwa mwaka 2000 na imejulikana mbali kwa utafiti wa kichocho na minyoo. Nilisimama nje nikikumbuka utafiti uliofanyika Pemba kuhusu kuwapa watoto wadogo madini ya chuma katika nchi yenye malaria, ambao matokeo yake yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2006. Ulifuatilia watoto zaidi ya 24,000 wa kisiwa hiki. Kumbukumbu zao ziliwekwa kwa uangalifu kiasi kwamba hatari ilipojitokeza ilionekana kwenye takwimu, na dawa hiyo ikasimamishwa mwaka 2003 kabla utafiti haujafika mwisho. Matokeo yake yakabadilisha ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Hivyo asiseme mtu kwamba kanzidata ni mambo ya mbali na Pemba. Watoto wa Pemba wamewahi kuandikwa nyumba kwa nyumba, na kuandikwa huko kukawalinda. Kama tuliweza kwa maradhi yao, tunaweza kwa furaha yao.

Kuhusu umeme, hali si ile ya zamani. Kabla ya mwaka 2010 kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli, kisha ukatandazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa Norway. Umeme bado hukatika mara kwa mara, na hilo tulilipangia. Kila Alhamisi, skuli inapokaribia kufunga kwa wiki, mwalimu anachapisha orodha ya vilivyo nje. Faili linanakiliwa kwenye flashi mbili, moja inabaki skuli na nyingine inakaa kwa mwenyekiti wa kamati ya skuli. Kaunta buku nalo halikutupwa. Umeme ukikatika wazazi wamepanga foleni, uazimaji unaandikwa humo na kuhamishiwa kwenye kompyuta baadaye. Kumbukumbu inayoweza kufa kwa kukatika umeme haifai kupewa mali ya umma.

Muda wa kuazima tulitaka kuuweka wiki mbili kwa wote. Mzazi mmoja katika kikao chetu na wazazi, mke wa mvuvi, alitufungua macho. Wavuvi wanapokwenda dago, yaani kambi za uvuvi, alisema, familia nyingine huhama nao kisiwani au ufukwe wa mbali, na kurudi kwao hutegemea samaki na upepo. Msimu wa karafuu nao watu huhamia mashambani. Mtoto wa familia hiyo ataonekana mchelewaji kwenye kompyuta ilhali hana kosa. Tukaongeza safu moja ya sababu ya muda mrefu, na mwalimu akapewa uwezo wa kusogeza tarehe. Sikukuu pia tuliikumbuka. Siku za Idi watoto wa mji hujaa viwanja vya Tibirinzi, na vichezeo vya plastiki vya dukani hupasuka kabla ya Idi ya pili kumalizika. Tuliona wiki inayofuata sikukuu ndiyo nzuri ya kulifungua kabati kwa upana, mtoto akiwa bado ana hamu ya kucheza na cha dukani kimeshavunjika.

Siku ya kwanza ya kuazimisha, akina mama walikuja na baibui zao na watoto mkononi, akina baba wachache pia, na sheha akaja kushuhudia. Kila kichezeo kilikuwa ndani ya mfuko wa wavu, na kadi yenye namba, picha na orodha ya vipande imefungwa mdomoni. Hakukuwa na faini. Kamati ilikubaliana kwamba kipande kikipotea mzazi aseme, kiandikwe, kisha kitafutwe mbadala kwa pamoja.

Ngalawa namba 17 ilichukuliwa na kijana wa miaka kama sita. Kwenye orodha yake paliandikwa: mtumbwi 1, mirengu 2, mlingoti 1, foromali (mti unaoshikilia tanga) 1, tanga 1. Jumla vipande sita. Iliporudishwa bado nilikuwa Chake, na nilikaa pale mezani kijana akihesabu kwa kidole. Foromali tuliyompa haikuwamo. Alikuja na nyingine, ya ufito wa mwanzi, iliyokwanguliwa laini kwa kisu na kufungwa kwa uzi wa mshipi, na tanga la mfuko wa plastiki lilikuwa limebadilishwa kwa kipande cha kitambaa cha kanga kilichokatwa sawasawa pembe tatu. Babu yake, mvuvi, alimwonesha namna. "Ile ya mwanzo ilivunjika," alisema kijana, "hii inakamata upepo."

Kompyuta ilikuwa na mahali pa kuandika "pungufu" na "kimeharibika". Haikuwa na mahali pa kuandika kilichoongezwa. Majedwali ya maktaba hudhani kwamba kitu kikitoka kitarudi kama kilivyo au kibaya zaidi, lakini kwa watu wanaochonga na kushona wenyewe, kitu huweza kurudi kizuri zaidi. Tukaongeza safu ya "maboresho", tukaandika jina la kijana na la babu yake kuwa mafundi wa foromali na tanga la ngalawa namba 17, na mwalimu akapiga picha mpya. Mwanamke aliyekuwa nyuma kwenye foleni akauliza kama na yeye anaweza kumshonea mwanasesere wake nguo nyingine. Aliambiwa ashone, jina lake litaandikwa.

Faida nyingine ya kanzidata ni maswali inayoweza kujibu. Kipi kiko nje leo? Kipi hakijawahi kuazimwa, na kwa nini? Shehia ipi haijaleta mtoto hata mmoja, labda kwa umbali? Kichezeo gani kinamfaa mtoto asiyeona au asiyetembea, na je, mama yake amekwishaambiwa kwamba kipo? Kutokana na majibu hayo kamati itajua itengeneze nini, na isiombe nini. Mwenye kuleta msaada akiuliza mnahitaji nini, skuli itamjibu kwa orodha.

Namwambia kila mwalimu mkuu, mjumbe wa kamati na sheha anayesoma makala haya: nenda ukafungue kabati la skuli yenu. Kama vichezeo vimeandikwa "mbalimbali", anzeni hapo. Vipeni namba, hesabuni vipande, pigeni picha kwa simu, na kama hamna kompyuta anzeni na daftari lenye majedwali yaleyale manne, kompyuta itavikuta tayari. Kwa wakaguzi na maofisa wa elimu nina ombi: mwalimu mwenye kumbukumbu safi asilipishwe kipande kilichopotea mikononi mwa mtoto aliyekuwa anacheza. Andikeni hilo kwenye miongozo yenu. Siku mwalimu atakapokuwa na hakika hiyo, kufuli halitakuwa na kazi.

Na kwa aliyeko Dar es Salaam, Muscat au London anayekusanya vichezeo vya kupeleka nyumbani: kabla ya kufunga kontena, hesabu vipande, andika orodha, itie ndani ya kila mfuko. Kichezeo kilichofika na orodha yake kitamfikia mtoto.